Yusufu bin Hasani: Mfalme wa Mvita Aliyeandikwa na Maadui Zake

Ukitoka Ndia Kuu ukaelekea Ngomeni, ukifika mlangoni inua macho utazame juu. Hapo pana jiwe lililochongwa maneno ya Kireno tangu karne ya kumi na saba. Jiwe hilo lamsifu kapteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635 akiwa kijana wa miaka 27. Laeleza jinsi alivyoijenga upya, jinsi alivyowaadhibu watu wa Pate na Siu, na jinsi alivyowatiisha tena watu wa pwani ambao walikuwa wameasi pamoja na mfalme wao dhalimu. Kapteni ametajwa kwa jina na kwa umri wake. Mfalme hakutajwa jina. Ameachiwa lile neno moja tu la dhalimu.

Huyo aliyeitwa dhalimu ni Yusufu bin Hasani, mfalme wa Mvita, Malindi na Pemba. Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia. Kwa kuwa hakutuachia diwani wala kitabu cha maisha yake, karibu yote tuyajuayo juu yake yametoka katika kalamu za watu waliomchukia. Basi msomaji, tunapousimulia umri wake leo, hapana budi tutazame pia kalamu zilizomwandika, maana mtu na hadithi yake ni vitu viwili, na mara nyingi hadithi huishi zaidi kuliko mtu.

Tuanze na nasaba. Wareno walipoijenga Ngome ya Mvita, kazi iliyoanza mwaka 1593, walimleta hapa rafiki yao Ahmadi, mfalme wa Malindi, wakampa ufalme wa mji. Malindi ilikuwa imewapokea tangu zama za Vasco da Gama, na huu ulikuwa ujira wake. Lakini urafiki wa mwenye mizinga na asiye nayo una mpaka wake. Ahmadi alipofariki, akatawala mwanawe Hasani, na hapo makapteni wakaanza kumbana. Waligombana juu ya ushuru, waligombana juu ya Pemba, na mfalme akawa akitendewa kama mtumishi katika mji wake mwenyewe. Mwaka 1614 kapteni Manuel de Melo Pereira alimshambulia. Hasani akavuka kwenda bara, upande wa Rabai, kutafuta himaya kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo. Kapteni akawahonga watu wa huko, nao wakamwua mgeni wao.

Hasani aliacha mtoto wa kiume, Yusufu, aliyekuwa na umri upatao miaka saba. Huo ndio umri ambao mtoto wa Kiislamu wa pwani huamrishwa sala na kukaa chuoni mbele ya mwalimu wake. Mtoto huyu alipakiwa jahazini akapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno katika Bara Hindi, akatiwa mikononi mwa mapadri wa Mtakatifu Agostino. Huko alibatizwa na kupewa jina jipya. Alifundishwa lugha ya Kireno, dini yao na desturi zao. Alipokuwa kijana alitumikia katika manowari zao akajifunza kazi ya mizinga. Akaoa mwanamke Mkristo, Dona Isabel Varela. Akatiwa katika daraja ya heshima ya Wareno iitwayo Daraja ya Kristo. Mwaka 1626 alitawazwa huko huko Goa kuwa mfalme wa Mvita, na mwaka 1630 akarudishwa nyumbani, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, aliyekwisha kaa ugenini mara mbili ya miaka aliyokaa kwao.

Hapo tusite kidogo. Wareno hawakuyaita mambo hayo kifungo. Waliyaita malezi. Mtoto hakutiwa pingu, alitiwa shule. Lakini mtu aliyechukuliwa bila ya hiari yake na waliosababisha kifo cha babake, akapelekwa ng'ambo ya bahari asipoweza kurudi mpaka wao watake, huyo kwa lugha yetu ni mateka, hata akivishwa hariri. Na hapa ndipo fasihi ya wakoloni ilipojizoesha desturi ambayo haikuiacha kwa karne tatu zilizofuata. Ilimgeuza mateka kuwa mwana wa kulea, ili akishukuru, sifa iwe ya mlezi, na akiasi, lawama iwe ya mwana.

Desturi hii si ya Wareno peke yao. Miaka michache tu kabla ya Yusufu kuzaliwa, London ilitazama mchezo wa Shakespeare uitwao Othello, juu ya Mmaghribi aliyebatizwa, akawa jemadari wa dola ya Venice, kisha akaangamia. Mwaka 1611 wakatazama Tufani, mchezo ambao S. S. Mushi ameutia katika Kiswahili chetu. Ndani yake mna Caliban, mwenyeji wa kisiwa, aliyefundishwa lugha na mgeni aliyemnyang'anya kisiwa hicho, naye faida aliyoipata katika lugha hiyo ni kuweza kumlaani mwalimu wake. Shakespeare hakupata kulisikia jina la Yusufu. Lakini mtu wa namna hiyo alikuwa tayari amekwisha buniwa katika fikira za Ulaya kabla mtoto wa Hasani hajapandishwa jahazini. Yusufu alipowaasi, waandishi walikuwa na nguo iliyokwisha shonwa, wakamvika.

Tazama pia vitabu vya wafungwa wa Australia. Waingereza walikuwa wakiwapeleka wahalifu wao nchi hiyo tangu mwaka 1788 hadi 1868, na kutokana na uhamisho huo vikazuka vitabu vingi vya hadithi. Kinachojulikana zaidi, cha Marcus Clarke, kilitoka kama kitabu mwaka 1874. Clarke ameandika kwa huruma juu ya mijeledi na minyororo. Hata hivyo, yeye hakuwa mfungwa. Alikuwa mwandishi wa magazeti aliyehamia huko kwa hiari yake. Mfungwa asema kwa kinywa cha mtu huru, na wenyeji weusi wa nchi ile, walionyang'anywa ardhi ili jela zijengwe, hawapewi kinywa kabisa. Ikiwa mhalifu wa Kiingereza alihitaji kusemewa na ndugu yake wa Kiingereza, je, mtoto wa Mvita aliyekuwa Goa angesemewa na nani?

Sisi wa pwani tunayo hadithi yetu ya mfungwa, nayo ni kinyume cha hizo. Fumo Liyongo alipotiwa gerezani alikuwa na ulimi wake. Alimtuma kijakazi kwa mamake na maneno ya fumbo, mama akafahamu, akaficha tupa ndani ya mkate, na mfungwa akaikata minyororo huku watu wa nje wakimwimbia. Liyongo ni mfungwa na ni mshairi pia, na kwa hiyo hadithi yake yatoka upande wetu wa ukuta. Yusufu hakupata kijakazi wala mkate. Mtoto wa miaka saba, fumbo gani atamtumia mamake, na kwa chombo gani, toka Goa mpaka Mvita?

Alirudi, basi, mwaka 1630. Mji haukumjua, naye alikuwa ameusahau. Kwa Waislamu alikuwa mfalme aliyevaa msalaba, mwenye mke Mkristo, asemaye Kireno. Kwa Wareno alikuwa Mwafrika aliyepewa cheo, na kapteni wa wakati huo, Pedro Leitão de Gamboa, hakumtazama kama mfalme. Mtu akienda ugenini huwa na nyumbani pa kupatamani. Balaa kubwa ni ya yule ambaye akirudi nyumbani huona ya kuwa ugeni ameurudisha pamoja naye. Kuta za Ngome zilikuwa zilezile zilizomtisha babake, na njia ile tuiitayo leo Ndia Kuu ilikuwa njia ya Wareno, yenye nyumba zao, nao waliiita Raposeira, yaani pango la mbweha.

Sasa twafika kwenye jambo lililoyabadili yote. Twaambiwa kwamba Yusufu alianza kutoka usiku kwa siri akaenda kwenye kaburi la babake, na huko akawa akisali kwa namna ya Kiislamu. Mtu alimwona, akampasha kapteni habari. Kwa Wareno hilo lilikuwa kosa kubwa mno. Aliyebatizwa akirudi katika dini ya wazee wake alihesabiwa kuwa ameritadi, na huko Goa ilikuwako mahakama ya dini iliyowatesa watu wa namna hiyo. Kapteni akaazimia kumkamata na kumpeleka Goa kwa hukumu. Habari hiyo nayo ikamfikia Yusufu.

Watu wasomao historia kwa haraka hulipita neno hilo. Goa! Pahali alipopelekwa akiwa mtoto, ndipo alipotaka kupelekwa tena akiwa mfalme. Yusufu hakuasi kwa sababu ya ushuru kama babake, wala hakuasi kwa sababu ya Pemba. Aliasi siku alipojua kwamba uhamisho wake haukuwa umekwisha.

Tarehe 16 Agosti mwaka 1631, katikati ya Muharram mwaka 1041 Hijria, siku ambazo Wareno walikuwa katika sikukuu yao ya Bibi Mariamu, Yusufu aliingia Ngomeni pamoja na watu wake akamwua kapteni kwa mkono wake. Ngome ikatwaliwa. Wareno waliokuwa mjini wakakimbilia nyumba ya mapadri, wakazingirwa, na baada ya siku chache wakajitoa. Yusufu akatangaza kwamba amerudi katika Uislamu na kwamba jina lake ni lile alilopewa na babake. Kisha wakauawa wanaume, wakauawa wanawake na watoto, jumla yao wakipata mia na khamsini. Waswahili waliokuwa wamebatizwa walitakiwa warudi katika Uislamu, na waliokataa wakauawa nao. Wengine, yasemekana mia kadhaa, wakapelekwa Arabuni utumwani.

Yatupasa tuseme wazi hapa, maana sisi ni Waislamu na sheria yetu yajulikana. Kumwua mwanamke asiyepigana na mtoto mdogo kumekatazwa na Mtume, sala na salamu za Mwenyezi Mungu zimshukie, hata katika vita vya haki. Wala imani haitiwi moyoni kwa upanga. Mwenye kumwona Yusufu kuwa shujaa na asitaje watoto waliouawa, huyo afanya lilelile alilolifanya yule aliyechonga jiwe la mlangoni. Amegeuza upande tu. Na liko jambo lingine la kuhuzunisha zaidi. Aliyepakiwa chomboni akiwa mtoto, akatengwa na mamake na dini yake, ndiye aliyewapakia watoto wa wengine wakavushwa bahari wasirudi. Somo la Goa alikuwa amelihifadhi vyema kuliko walivyodhani walimu wake.

Habari zilipofika Goa, ililetwa jeshi la majini chini ya Dom Francisco de Moura. Lilifika Januari mwaka 1632 na kuizingira Ngome muda wa miezi miwili. Yusufu aliwashinda. Mizinga ilikuwa ya Wareno, na aliyeitumia alikuwa ni mtu waliyemfunza wenyewe. Mwezi Machi wakaondoka kwa aibu. Ushindi huo, hata hivyo, haukumpa mji. Alijua watarudi na nguvu kubwa zaidi. Mwezi Mei akaiharibu Ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga katika chombo alichowateka Wareno, akang'oa nanga. Mwezi Agosti Wareno wakaingia tena, wakaikuta ngome tupu.

Toka siku hiyo Yusufu hakuwa na nchi. Aliishi baharini. Alionekana pwani ya Arabuni, akaonekana Bukini na Ngazija, akishambulia vyombo vya Wareno na kuwataka watu wa pwani waamke pamoja naye. Mwaka 1638 aliuawa katika Bahari ya Sham, upande wa Jiddah, na waliomwua hawakuwa Wareno. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini na mitano. Katika umri huo wote, miaka aliyokaa Mvita ilikuwa ile saba ya utoto, na isiyotimia miwili ya ufalme.

Mvita imeona wahamishwa wengine baada yake. Mwaka 1837 wakuu wa Mazrui walikamatwa na watu wa Seyyid Said wakapelekwa Bandar Abbas, wasionekane tena. Mwaka 1896 Sheikh Mbaruku bin Rashidi alikimbilia nchi iliyokuwa chini ya Wadachi asirudi Gasi. Seyyid Khalid bin Barghash aliwekwa St. Helena, kisha Shelisheli, akaja kufia hapa Mombasa mwaka 1927. Na Ngome yenyewe ilikuwa jela ya Waingereza tangu mwaka 1895 hadi 1958. Lakini hao wote walikuwa na jamaa na wapenzi wa kuwataja. Yusufu hakuwa naye. Waislamu walimkumbuka kwa mashaka kwa sababu ya ubatizo wake, na Wareno kwa chuki kwa sababu ya upanga wake.

Na sasa turudi kwenye kalamu. Baada ya maasi, mapadri wa Goa walifanya uchunguzi. Wakawaita mashahidi walionusurika, wakawauliza maswali, wakaandika majibu. Shabaha yao ilikuwa ni kuthibitisha kwamba waliouawa Mvita walikufa kwa ajili ya dini, ili kanisa liwatangaze kuwa mashahidi watakatifu. Makaratasi hayo yalihifadhiwa, na mwaka 1980 mwanahistoria Freeman-Grenville aliyachapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Humo Yusufu ni kiumbe wa giza, kama ilivyotazamiwa, maana hadithi ya watakatifu haiwezi kwenda bila ya dhalimu.

Je, tuyatupe makaratasi hayo kwa kuwa ni ya adui? Hasha. Kadhi hamfukuzi shahidi kwa sababu tu ni hasimu. Humsikiliza, akaupima usemi wake. Na katika sheria yetu liko jambo liitwalo ikrari, yaani mtu kukiri neno linalomwelemea yeye mwenyewe. Hilo huwa na nguvu kuliko neno lolote linalomfaidia. Basi na tuyasome maandishi ya wakoloni kwa kanuni hiyo. Wanapomwita mfalme wetu dhalimu, hilo lawafaidia, tulipime. Lakini wanaposema alikwenda usiku kumwombea babake kaburini, wamekiri jambo wasilojua uzito wake. Wao walilileta kama hoja ya kosa. Sisi twasoma humo kwamba miaka kumi na sita ya Goa, pamoja na ubatizo, cheo na ndoa, haikuweza kumsahaulisha mwana mmoja kaburi la babake. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuyazua hayo ili ampambe.

Lakini mizani ya kadhi ina makofi mawili. Tukipokea ushahidi wa kaburi kwa kuwa watufurahisha, hatuwezi kuukataa ushahidi wa watoto waliouawa kwa kuwa watuumiza. Vyote viwili vimo katika makaratasi hayohayo. Aliyesimama usiku kaburini na aliyetoa amri ile ni mtu mmoja. Fasihi ya wakoloni ilishindwa kumwona mtu huyo, ikaona kwanza mtoto mwema wa kulea, kisha mnyama. Sisi nasi tukimfanya malaika tutakuwa tumeshindwa vilevile, na bahati mbaya yetu itakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa yeye ni wetu.

Washairi wa Mvita hawana uhaba wa maneno. Wameimba vita, wameimba mapenzi, wameimba hata bei ya nafaka. Habari ya Yusufu inangoja mtunzi atakayekuwa na ujasiri wa aina mbili: wa kumtetea na jiwe la Wareno, na wa kutomficha makosa yake. Mtunzi huyo akipatikana, asianze na vita, wala asianze na kutawazwa. Na aanze na chombo kinachotweka tanga mbele ya mji huu mwaka 1614, na mtoto wa miaka saba ndani yake, ambaye babake ameuawa na ambaye hajui aendako.

Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi yaliyomo vifuani mwa waja Wake.